Utetezi Niliomwandikia Kaka Yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwandikia kaka yangu maneno ya kusema kortini, na kumkaririsha mpaka yakanyooka.

Alishikwa na misokoto ya bangi kwenye mfuko wa jaketi hapa Nakuru, siku yake ya mapumziko, akitoka Naivasha ambako alikuwa akikata maua katika shamba moja kubwa. Mimi hutengeneza simu mjini. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuharibu simu za majirani na kutazama video. Ndiyo maana niliamini kila jambo lina namna yake sahihi, na ukisoma vya kutosha huwezi kukosea. Nikaitafuta sheria kwenye simu. Niliyoipata ilikuwa nakala ya zamani, na sikujua ni ya zamani. Ilisema miaka kumi. Niliipitia tena na tena nikitafuta faini, sikuiona.

Nyumbani Kabazi nao waliamini hivyo hivyo. Mama aliponipigia, aliuliza, "Hiyo ya bangi si ni jela tu? Babako mdogo si walimpeleka tu hivyo?" Nikamwambia ndiyo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Kwa hivyo nikawaza: kama jela ni lazima, basi tumaini lililobaki ni hakimu amwone kaka kuwa mtu wa maana. Kwetu, mtu anayefanya mambo yake peke yake ndiye hutiliwa shaka. Anayewabebea wenzake ni mtu wa watu. Nikampelekea maneno pale kituo cha polisi, nikayasoma kwa kunong'ona.

"Utasema ulikuwa umewabebea wenzako wa kazini."

"Lakini ni yangu, profesa." Aliniita hivyo kunikejeli, tangu nianze kusomea mambo kwenye simu.

"Ukisema unavuta peke yako utaonekana umeisha."

"Si ndio navuta peke yangu? Mgongo ukiniuma, nani huja tuumwe na yeye?"

"Rudia tu. Na usiseme 'mimi ni msee wa kazi.' Sema 'mimi ni mfanyakazi mwenye bidii.'"

Akarudia. Alipokosea neno moja, nilimwanzisha upya.

Kortini alikubali shtaka. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akamuuliza kama ana lolote la kusema kabla ya hukumu. Kaka akasema yote bila kukwama. Mimi nyuma nilikuwa nikichezesha midomo pamoja naye, na niseme ukweli, nilijivunia.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Umesema uliwabebea wenzako. Ulikuwa unaenda kuwapa?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Tugawane."

Mwendesha mashtaka akainua kichwa. Hakimu akamweleza kaka polepole kwamba ameshtakiwa kwa bangi ya kuvuta mwenyewe; kuwapelekea watu wengine ni kesi nyingine, na ni nzito zaidi. Hawezi kumhukumu kwa maneno yanayovutana. Akaandika kwamba kaka amekana shtaka, akampa bond, atoke kwa dhamana ya mali. Sisi hatukuwa na cha kuweka. Hati ya shamba letu bado ina jina la babu, aliyekufa mimi sijaingia shule. Kaka akapelekwa rumande.

Pale nje kulikuwa na wakili kijana anayengoja mteja wake. Alikuwa amesikia yote.

"Boss, nani alimwambia aseme hivyo?"

"Mimi."

Akanieleza kwamba sheria ilibadilishwa. Kama ni ya matumizi yako mwenyewe, korti inaweza kukutoza faini, na hata ile miaka iliyoandikwa siku hizi ni kikomo. Hakimu anaweza kushuka chini yake. "Lakini ni yeye wa kuionyesha korti kwamba ilikuwa yake peke yake. Wewe umemnyang'anya nafasi hiyo."

Nikatoa simu, nikaifuta ile nakala.

Nilipomtembelea kaka rumande, hakunitukana. Alikuwa amenyolewa, na masikio yake yalionekana makubwa.

"Profesa, umenilaza huku."

"Najua. Safari hii tutaandika..."

"Ukiniandikia tena nitakutoa meno. Nitasema mwenyewe."

Nikaamua kwamba kama siwezi kusema, nitafanya. Nilipanda gari hadi Kabazi, nikamwambia mama kwamba aliyemweka mwanawe rumande ni mimi, na kwamba siku hizi sheria ina faini. Aliendelea kupalilia viazi mpaka mwisho wa mstari, ndipo akanyooka. "Sasa hiyo faini, ikija?" Tukamwita dalali, tukamuuzia viazi vikiwa bado mchangani. Hununua kwa bei ya huruma, yaani huruma yetu kwake. Mama hakubishana.

Siku kesi ilipotajwa, mwanamume mmoja alitangulia kizimbani kwa shtaka kama la kaka. Alikubali, akatozwa faini, la sivyo miezi jela. Akageuka kutazama mabenchi. Hakukuwa na mtu wake. Akashuka ngazi na askari, na hapo nikaelewa kwamba faini bila mtu ni jela tu.

Kaka akaomba kubadilisha jibu lake. Akasomewa shtaka upya, akakubali.

"Na wale wenzako?" hakimu akauliza.

"Hakuna wenzangu, mheshimiwa. Ni yangu, navuta mimi. Mgongo huniuma nikiinama kwa maua siku nzima. Hayo mengine niliandikiwa."

"Na nani?"

"Na ndugu yangu. Huyo pale, wa sweta ya kijani."

Nikaambiwa nisimame. Nikasimama.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa. Natengeneza simu."

Korti ikacheka, hata karani. Hakimu hakucheka. "Basi tengeneza simu. Kaa chini."

Akamtoza kaka faini, na ikimshinda, miezi jela. Nilikimbia kulipa huku mama, aliyekuja nami, amesimama mlangoni akimlinda kaka asipandishwe gari la magereza, kana kwamba angeweza kulizuia. Kaka alitoka jua likiwa bado juu, akaniomba chapati.

Kazi ya maua ilikuwa imepewa mtu mwingine. Sasa kaka anachomelea vyuma Gilgil na huenda kliniki kwa ajili ya mgongo. Kuvuta amepunguza, hajaacha. Mimi, nikipata asubuhi isiyo na wateja, huenda kukaa kortini. Mtu akitozwa faini na hana mtu kwenye benchi, humwomba nambari ya simu ya kwao, nikawapigia.