Jina la Mwisho la Nyachuol

Ekwam, jirani yangu wa meza hapa ofisini Lodwar, ni mtu wa Lorugum, mpole kupita kiasi, na kazi yake imenishinda kumweleza mama yangu. Shirika letu lina zahanati kadhaa, mojawapo iko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Siku hizi anayetafuta rekodi za wagonjwa si mtu tena, ni akili bandia. (Wagonjwa wenyewe tunawaita wateja, usiniulize kwa nini.) Akili bandia hiyo haijui Turkana wala kambi. Inajua tu maelezo aliyoiandikia Ekwam: chombo cha kutafutia rekodi ni kipi, kitumike lini, kipewe nini, kitarudisha nini. Akiandika vizuri, mgonjwa anapatikana. Akikosea, mgonjwa hayupo duniani.

Na alikosea. Aliandika kwamba mtoto aliyepoteza kadi atafutwe kupitia kwa mama yake, kwa jina la mwisho wanalotumia wote wawili. Jamani! Mtu amekulia Turkana, Wanuer wa Sudan Kusini wakiwa majirani zetu tangu hajazaliwa! Kwao mwanamke haachi jina la babake kwa sababu ya ndoa. Nyawech Thiong Mou, mama mmoja wa kambini, ni binti wa Thiong, mjukuu wa Mou, hata azae watoto kumi. Binti yake ni Nyachuol Tap Mabil, kwa kuwa babake ni Tap na babu yake ni Mabil. Ekwam anayajua hayo yote. Ila alipokaa kuandika, aliandika kama alivyofundishwa chuoni Nairobi.

Kadi ya Nyachuol ilisombwa na maji ya mto Tarach pamoja na sufuria za nyumba. Mtoto huyo ana kifafa, na dawa zilikuwa zimemwishia. Mama yake akaenda dirishani na kadi yake mwenyewe. Ereng, muuguzi mgeni aliyetoka Lokichar, akaiuliza akili bandia. Ikajibu kwa adabu zote: mteja huyu hana mtoto aliyesajiliwa.

"Mimi hana mtoto?" Nyawech akashangaa. "Na huyu nashika mkono ni nani?"

Aliambiwa arudi kesho. Akarudi, jibu likawa lile lile. Aliporudi tena, Ereng akampigia Ekwam simu.

"Ejok, habari bro. Kuna mama analia hapa tangu asubuhi. Mashine inasema hana mtoto, na mtoto ako hapa, namuona."

"Wanaitwa nani?"

Ereng akataja majina ya mama, kisha ya mtoto. Nilimwona Ekwam akiuma midomo.

"Mpe dawa!" akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Siwezi. Bila rekodi, mfumo haufungui stoo."

Ekwam akafuta sentensi yake, akaandika upya: usilinganishe jina la mama na la mtoto, uliza jina la baba na la babu, na chombo kisiporudisha kitu, usiseme mtu hayupo, sema hujampata. Kumbe mabadiliko hayafanyi kazi mpaka mkubwa wa Nairobi ayapitishe, na mkubwa alikuwa mkutanoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ekwam alipiga simu, akapiga tena, akamwomba Mungu kwa Kiturkana na kumtukana mkubwa kwa Kiswahili. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa na hasira ya kuvunja meza, na sikuwa na la kufanya.

Jioni mkubwa akapitisha. Ereng akauliza tena, na Nyachuol akapatikana kufumba na kufumbua. Ila dirishani hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa ameanguka akiwa kwenye foleni, na safari hii degedege halikukoma mpaka alipofikishwa hospitali.

Wiki iliyofuata Ekwam alipiga simu kule wodini alikolazwa Nyachuol. Nyawech mwenyewe akaichukua, na kwa jinsi chumba chetu kilivyokuwa kimya, nilisikia kila neno.

"Ndugu yangu, wanasema sasa mashine inajua mimi ni mama yake."

"Ndiyo, mama. Nimeirekebisha. Nisamehe, mama."

"Asante. Sasa wewe ambia mtoto pia. Yeye anaangalia mimi tu, hajui mimi."