Kwenda Bugarama kwa Benzi ya Papa Bahati

Nilikwenda Bugarama kumposea mjukuu wangu Ramadhani, na nilikwenda kwa Benzi kwa sababu nilikatazwa kuja na gari lingine. Nalisema hili mapema maana hapa Kamembe maneno yamezidi. Wapo wanaosema nimeanza makuu uzeeni. Wapo wanaosema nilimwibia Papa Bahati gari lake. La kwanza ni uongo. La pili nitalieleza likifika.

Ramadhani ni seremala, kijana mtulivu, akampenda Salma wa Bugarama, binti wa wenye kinu cha mpunga. Baba yake Salma hakuwa na neno. Lakini katika nyumba ile mwenye neno ni bibi. Wageni wa posa wakija, chai ya tangawizi huwekwa mezani ndani ya chupa, na hakuna wa kuigusa mpaka bibi aimimine kwa mkono wake. Akiimimina, mchumba amepatikana. Asipoimimina, wageni wanashukuru, wanaaga, wanarudi kwao na koo kavu. Na bibi mwenyewe ni Sakina.

Sakina namjua tangu tuna nywele nyeusi. Tulikuwa wasichana wa mtaa mmoja hapa Kamembe, na kijana tuliyekuwa tukimchungulia dirishani alikuwa mmoja: Saleh, dereva wa tajiri fulani wa Bukavu, aliyekuwa akivuka daraja la mpakani kila wiki na Benzi nyeupe inayong'aa kama sahani ya harusi. Saleh alimwahidi Sakina kwamba siku moja atampandisha. Kisha akanioa mimi. Sakina akaolewa Bugarama, na tangu hapo, tukikutana msibani au harusini, ananisalimia kwa ncha za vidole.

Basi tulipopeleka neno la posa, jibu la Sakina likaja kwa simu. Mama Asha, yaani mimi, aje mwenyewe, na aje kwa Benzi. Saleh alisema atanipandisha, hakunipandisha. Mjane wake ailete hiyo Benzi, halafu tuone habari ya chai.

Ramadhani alinitazama kwa macho ya mbuzi aliyefungwa asubuhi ya Idi. Nikamwambia aache kunitazama hivyo, arudi kwenye randa yake.

Benzi za kukodi zilikuwa zimeshashikwa kwa harusi nyingine. Ikabaki moja, ya Papa Bahati, mzaliwa wa Bukavu, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye duka lake linapakana na karakana ya Ramadhani. Benzi yake ni kuukuu, ya dizeli, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ameitunza kuliko meno yake. Haiazimishi kwa mtu. Hata mchungaji wake aliiomba akanyimwa. Lakini milango ya duka lake aliitengeneza Ramadhani, na inafunga vizuri, kwa hiyo akakubali kutupeleka, mradi usukani aushike yeye.

Saa mbili asubuhi, Kamembe. Tulikuwa watatu: Papa Bahati, mimi, na kaka yangu Mzee Kassim, ambaye ndiye angesema maneno ya posa, maana kwetu anayesimama kuomba ni mwanamume hata kama kazi yote imefanywa na mwanamke. Nikafungua mlango wa nyuma. Papa Bahati akaninyooshea kidole miguuni.

"Nyanya, vua viatu."

"Viatu navua nikiingia msikitini, Papa Bahati. Hapa naingia garini."

"Basi ufanye tu sawa vile iko musikiti."

Nikavua. Nikaviweka mapajani kama mtu aliyebeba kuku wawili. Halafu nikavuta mlango, na hapo, sitaki kudanganya, nikashtuka kidogo. Milango ya magari mengine inapiga kelele kama sufuria iliyoanguka. Ule ulijifunga kwa sauti nene, ya chini, kama kifuniko cha sanduku zito la nguo. Nikaufungua tena, nikaufunga. Papa Bahati akaniona kwenye kioo akatabasamu. Nikamwambia ulikuwa haujashika vizuri.

Njiani, kabla hatujamaliza nyumba za mji, Mzee Kassim alikuwa amelala. Papa Bahati hakulala, bali alianza kuhubiri. Nimesikia mahubiri mengi maishani, lakini ya gari ilikuwa mara ya kwanza.

Alisema kuna mafundi wawili wa Ujerumani, zamani za farasi, kila mmoja kwake, hawakujuana, na kila mmoja akatengeneza gari linalokwenda bila mnyama. Baadaye sana kazi zao zikaunganishwa zikawa kampuni moja. Lile jina la mbele la gari, alisema, ni la mtoto wa kike wa tajiri aliyekuwa akinunua magari ya fundi mmojawapo na kuyauza. Alilipenda jina la bintiye akataka gari liitwe hivyo. Na nyota ya mbele ina ncha tatu: moja ya nchi kavu, moja ya maji, moja ya hewa, maana walitaka mashine zao ziende kote. Nikamuuliza kama ya kwake imewahi kwenda majini. Akasema niache mambo hayo, nisikilize.

Nikasikiliza, na ndipo akafika kwa mke wa fundi. Fundi mmoja alikuwa na gari zuri lakini lilikaa tu karakanani, watu waliliogopa, hakuna aliyelinunua. Mke wake akachoka. Asubuhi moja mumewe akiwa bado amelala, mama yule akachukua vijana wake wawili, wakalisukuma gari nje polepole, wakaliwasha, wakaenda kumtembelea mama yake mzazi, safari ya siku nzima, mahali ambapo gari halijawahi kufika. Mafuta yalipoisha akanunua kwenye duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba akalizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipochoka akamwita fundi viatu akaziwekea ngozi. Watu walipoona mwanamke amefika salama na watoto wake, wakaanza kuliamini gari.

"Na mume wake alisema nini?" nikauliza.

"Historia haisemeke hivyo, Nyanya. Inasema tu alifurahi."

"Basi hiyo aliisimulia mume."

Papa Bahati akacheka mpaka Mzee Kassim akaamka, akauliza kama tumefika, akalala tena.

Tulipoanza kuteremka Nzahaha, joto likaanza kupanda kutoka bondeni. Nikaelewa kwa nini watu wanaipenda gari hii. Katika kona inainama taratibu kama mtu mzima anayesalimia, haikurushi. Nyota iko kule mbele inakwenda, na wewe nyuma unajiona umetumwa jambo kubwa. Wanawake waliokuwa wakilima walisimamisha majembe. Mwendesha pikipiki akatupisha bila kupigiwa honi. Mimi nikapunga mkono kidogo. Kidogo tu.

Saa nne, Bugarama. Mpunga ulikuwa umeanikwa uwanja mzima mbele ya kinu, na Sakina alikuwa katikati yake, amekunja kanga magotini, anaugeuza kwa reki, miguu na ndala vina tope la shambani. Hakunitazama. Alitazama nyota. Aliitazama kwa muda, kisha akaja akanisalimia kwa ncha za vidole.

Tukaingizwa sebuleni. Mwanawe, baba yake Salma, alitukaribisha kwa adabu. Chupa ya chai ilikuwa mezani, na vikombe vimefunikwa kwa kitambaa. Mzee Kassim akasimama akasema maneno yake yote, marefu, mazuri, ya kutaja babu mpaka babu wa babu. Sakina akasikiliza. Akasema, "Nimesikia." Akanyanyuka akarudi kwenye mpunga. Chupa ikabaki ilivyo.

Nikamwona akilini Ramadhani kule Kamembe na randa yake mkononi, anangoja simu.

Adhuhuri ikaingia, wanaume wakaenda msikitini. Papa Bahati, joto limemlegeza, akaomba mkeka kivulini upande wa kinu. Kabla ya kujilaza akanipa ufunguo.

"Nyanya, unikamatie hii, mifuko yangu imetoboka. Hapa wewe ndiye muntu wa kuaminiwa."

Nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nikaswali chumbani, nikatoka, nikamkuta Sakina amesimama kando ya Benzi, anachungulia ndani, mikono nyuma kama anayeogopa kushika.

"Nilisema uilete," akasema. "Sikusema uilete niitazame."

"Dereva amelala."

"Dereva ni mimi. Tangu marehemu mume wangu alipoumwa macho, pikapu ya kinu nani alikuwa anaiendesha? Jini?"

Nikamwambia basi tumwamshe mwenyewe tumuombe. Akaniuliza kama mwenyewe atakubali. Nikamkumbuka mchungaji. Nikamwangalia Papa Bahati, mdomo wazi, anakoroma kama kinu kingine. Nikafungua pindo la kanga.

"Kuna mama mmoja wa Ujerumani hakuuliza," nikasema.

"Mama gani?"

"Panda. Nitakueleza njiani."

Mimi nilivua viatu. Sakina hakuvua, akaingia na tope lake lote, nami nikamwacha, maana posa ni posa. Akaiwasha. Ikakohoa mara moja, ikatulia. Tukatoka uwanjani polepole mpaka kuku wakatupita, tukashika njia ya Ruhwa. Mashamba ya mpunga kulia na kushoto, kijani kitupu, na yeye amekaa wima, shingo ndefu, haangalii mtu. Kila tukimpita mtu anayemjua alipunguza mwendo zaidi.

Nikamsimulia habari ya yule mama na pini yake ya kofia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Sasa na wewe niambie. Siku ya kwanza Saleh alipokupandisha, mlikwenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo tayari kwa miaka arobaini na kitu. Bujumbura, ufukweni, mimi mbele na miwani nyeusi. Sikuwahi kulisema kwa mdomo, lakini watu walipolisema sikulikataa. Nikajua nikilitoa sasa, Sakina atanuna mpaka kaburini, na chai ile itapoa. Na nikisema kweli, heshima yangu yote itamwagika hapa mpungani.

"Sikupanda," nikasema.

"Siku ile?"

"Siku zote. Gari lilikuwa la tajiri, na Saleh alikuwa anaogopa kibarua chake. Mimi nilikuwa nafua vitambaa vya viti. Kila Alhamisi. Leo asubuhi ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa ndani ya Benzi."

Sakina akakanyaga breki, tukasimama katikati ya barabara. Nikadhani ameumwa. Alikuwa anacheka, kichwa kiko kwenye usukani, honi inalia yenyewe, machozi yanamtoka. Lori la mchele likatuzunguka, dereva akatutazama kama vichaa.

"Kumbe nimekuchukia bure," akasema alipopata pumzi.

"Si bure. Saleh nilimpata."

Akanipiga kofi begani, la nguvu, kama tulivyokuwa tukipigana tukiwa wasichana. Kisha akaigeuza gari, kwa zamu nne za mbele na nyuma, tukarudi.

Uwanjani, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka msikitini. Papa Bahati alisimama katikati ya mpunga, miguu mitupu, mikono kichwani.

"Nyanya. Ulinifanya nini?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha," nikamwambia. "Yule mama wa Ujerumani aliomba ruhusa?"

"Yule ilikuwa gari ya bwana yake!"

Nikamrudishia ufunguo wake. Akafungua mlango, akaona zulia, akafumba macho. Sakina akampita wima, akaingia sebuleni, akafunua vikombe, akafungua chupa. Kikombe cha kwanza alimpelekea Papa Bahati mwenyewe, nje, kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Cha pili akanipa mimi. Mzee Kassim akauliza kama arudie yale maneno ya posa. Sakina akamwambia ayaweke ya harusini.

Kabla ya kuondoka, Papa Bahati alitoa zulia, akatukabidhi sabuni. Mabibi wawili tukachutama bombani tukalisugua, yeye amesimama juu yetu. Nilifua vizuri. Kazi hiyo naijua.

Kurudi, nilikaa mbele. Kwenye mpando wa Nzahaha Papa Bahati akakohoa.

"Kule njia ya Ruhwa," akasema, hanitazami, "ilikuwa inakwenda namna gani? Laini?"

"Laini kabisa."

"Nilijua," akasema, na uso ukamfunguka.

Magharibi, Kamembe. Gari likasimama mlangoni pangu. Papa Bahati akaniambia tumefika. Nikamwambia najua. Nikavaa viatu, polepole, kimoja kwanza. Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba Wajerumani wale walijisumbua bure na mwendo. Uzuri wa Benzi ni kusimama. Nikangoja mlango wa Mama Zubeda ufunguke, na wa fundi cherehani, na ule wa pembeni ambao huwa unachelewa. Walipotoka wote, na Ramadhani mbele yao, ndipo nikashuka, nikaufunga mlango mara mbili.

Mara ya kwanza ulikuwa umeshika vizuri.