Koti la Mwalimu kwenye Sanduku la Stima

Kwa miaka kumi na moja Milcah alifagia kiwanda kimoja cha sukari kule Kabras, na kila mvua ilipomnyeshea, alianika leso yake ya kujifunga juu ya sanduku kubwa la stima, la kugawa umeme. Lilikuwa na joto tamu, kushinda pasi.

Kwa hiyo mwalimu wa usalama alipofika akichuruzika maji, Milcah alimhurumia, akalichukua koti lake, akalianika pale pale sandukuni, juu ya leso yake.

Mwalimu akaanza kuwafundisha wafagiaji na wapakiaji. "Kama wewe si fundi wa stima, ukiona kitu kilicholowa kwenye sanduku, usikiguse. Simama mbali, ita fundi."

Wote wakamgeukia Milcah. Yeye akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Somo lilipokwisha, mwalimu akaulizia koti. Alipoliona lilipo akaduwaa, kisha akanyoosha mkono. Milcah akamziba njia kwa ufagio.

"Rudi nyuma, mwalimu! Kwani wewe ni fundi wa stima?"

"Hapana, mama. Mimi nafundisha tu."

"Basi ngoja kama sisi."

Mwalimu akangoja akitetemeka kwa baridi, watu wakivunjika mbavu, mpaka fundi akaja, akazima stima, akashusha koti, kisha leso. Kwenye pindo la leso palikuwa na doa jeusi la kuungua.

Milcah akaacha kucheka. Doa hilo alilijua tangu Krismasi. Siku ile alimgombeza binti yake Winrose kutwa nzima, eti ameichoma leso kwa pasi; kumbe ni sanduku.

Akatoa simu, akampigia.