Karatasi Isiyo na Sahihi ya Hakimu

Asubuhi niliyoanza kazi ya ukalimani, sikuwa naitafuta. Wiki hiyo nilikuwa nimeacha ghala la Jeffersontown, kama nilivyoacha shule darasa la sita: nikishaizoea njia, miguu huniwasha. Nilipanda basi la kwanza lililopita, nikashuka katikati ya mji wa Louisville, nikaingia mahakamani kwa sababu niliona kila mtu anaingia. Mama mmoja wa Uvira, wa kwetu Kivu, alikuwa amesimama mbele ya hakimu, haelewi neno. Mkalimani wake hakuja. Nikanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, nikamtafsiria.

Baadaye mratibu wa wakalimani, mama mfupi asiyecheka, aliniita pembeni. Akasema Kiingereza changu, nilichokiokota kambi ya wakimbizi na ghalani, kitapona polepole. Kosa langu lilikuwa jingine: nilimwambia yule mama ajibu nini.

"Mkalimani hashauri," alisema. "Hapunguzi, haongezi. Mtu akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Akijiharibia mwenyewe, unamharibia hivyo hivyo. Utaweza?"

Nilijibu haraka kwamba nitaweza. Jibu hilo nililifikiria baadaye kwa miaka mingi.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna kozi na vyeti. Mimi nilijifunza kwa kuuliza. Kilichonishangaza zaidi ni polisi. Kwetu Kivu, kwenye kizuizi cha barabarani utakuta polisi, askari na mtu wa uhamiaji wamekaa benchi moja, wanakula muhogo mmoja. Mwenye sare ni Serikali, basi. Hapa nilikuta polisi wa mji ana bosi wake, sherifu wa kaunti anayeshika ufunguo wa jela ana mamlaka yake, na uhamiaji ni wa serikali kuu ya Washington. Niliuliza kila niliyefanya naye kazi: huyu anaweza kufanya kazi ya yule? Wengine walinijibu, wengine waliniambia nikae kimya.

Nilihamia Columbus, nikapewa kazi ya simu. Polisi akikutana na mtu asiyejua Kiingereza hupiga namba, anaweka spika, nawe unatafsiri ukiwa nyumbani. Huoni chochote. Unasikia magari yakipita na watu wakipumua.

Mchana mmoja alinipigia polisi kijana kutoka mji mdogo karibu na Columbus. Alikuwa amesimamisha gari kwa sababu taa moja ya breki haikuwaka. Dereva aliitwa Dieudonné, mtu wa milima ya Kivu Kusini, alikuwa anatoka kazini Hilliard pamoja na mdogo wake Amani. Polisi aliomba leseni tu. Dieudonné akatoa bahasha nzima.

Sikushangaa. Watu wetu ndivyo walivyofundishwa na vizuizi: ukisubiri kuombwa, utaonekana unaficha. Unatoa vyote, hata cheti cha ubatizo. Lakini polisi alikuta humo barua ya uhamiaji, akauliza ni ya nini.

"Bon, ile si yangu," Dieudonné alijibu. "Ni ya mdogo yangu, huyu hapa. Walimuandikia atoke mu inchi."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Amani alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na neno langu moja lingeweza kumpeleka jela, na kutoka jela mpaka kwenye ndege. Ningeweza kusema mwenye barua hayuko hapa. Nani angejua? Polisi akauliza kama mkalimani bado yuko.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, mpaka "huyu hapa".

Polisi akamwita mkubwa wake. Tukasubiri. Nilisikia gari jingine likisimama, mlango, na sauti nzito ya sajini akiuliza karatasi hiyo imetiwa sahihi na nani. Kijana akasoma: ofisa wa uhamiaji.

"Sahihi ya hakimu wa mahakama ipo hapo?"

"Hapana."

"Kuna kosa la jinai analotafutiwa?"

Kijana aliangalia kwenye mashine, akasema hakuna.

"Basi mji huu haukutupa ruhusa ya kumshika mtu kwa karatasi hiyo. Ni kazi ya uhamiaji wenyewe. Sisi hapa tuna taa ya breki. Mrudishie bahasha yake."

Nilivunja sharti kidogo. Nikasema mkalimani ana swali lake mwenyewe: kama hakimu angetia sahihi?

"Ningemchukua," sajini alisema, "na wewe ungemtafsiria pingu. Na usiwadanganye kwamba ni hivi kila mahali. Kuna kaunti sherifu wake amekubaliana na uhamiaji wafanye kazi pamoja. Ukivuka mpaka, uliza tena."

Miezi michache baadaye, kanisani, Dieudonné aliitambua sauti yangu nilipokuwa natoa matangazo. Alinisalimia bila kunipa mkono, akasema mtoto wa nyumbani angesema mwenye barua hayupo. Amani alikuwa amehamia Buffalo, amepata wakili, kesi yake imefunguliwa upya. Neno hilo lilikaa nami mpaka nilipostaafu, kwa maana aliyelisema si yeye niliyemweka hatarini; ni mdogo wake.

Kwa hiyo nilipomaliza kazi, sikukaa Columbus. Nilikwenda Buffalo, mtaa wa West Side, nikamuulizia Amani kwenye duka la unga na samaki wakavu, nikaonyeshwa nyumba ya mbao ya ghorofa mbili. Amani alifungua mlango. Nilipotoa salamu tu, akatabasamu.

"Ni wewe, Muzee. Wa simu."

Nilimwomba aniambie kweli: siku ile alitaka niseme nini?

"Nilitaka udanganye," alisema. "Nilisali udanganye. Kiingereza kidogo nilikuwa nasikia, donc nikajua umesema yote. Nilikuchukia mpaka yule mukubwa alifika." Akaegemea mlango. "Lakini barua yenye jina yangu ilikuwa mu mikono yake, Muzee. Angeniuliza jina, akute ulidanganya, angetusikiliza tena?"

Nikamuuliza kesi imefika wapi. Akasema bado anangoja siku ya kusikilizwa, na mkalimani waliyempa huwa anafupisha maneno yake.

"Anafupisha nini?"

"Ingia kwanza. Juu iko chumba, kitanda iko. Nitakuambia yote, na wewe uniambie namna ya kumukataza."

Nikapandisha mfuko wangu. Ushauri sasa naruhusiwa kutoa.