Mbega wa Loima Walioandikwa Hawapo

Siku moja siisahau, mwanangu. Mwerezi ulianguka kule milima ya Loima na mbega jike akiwa kwenye matawi yake, mtoto wake mweupe amemshika kifuani. Mama alikufa pale pale. Mtoto akalia mpaka jua likapanda, kisha akanyamaza. Na mimi nilikuwa hapo na shoka, kibarua wa Lopeyok, mfanyabiashara wa mbao. Njaa ni njaa, lakini sijitetei.

Nirudi nyuma. Kabla ya misumeno alikuja afisa wa misitu kutoka Lodwar, Esekon, na fomu yake ya kuandika wanyama. Mimi kijana, shule niliachia darasa la tatu, nikachaguliwa kumwonyesha msitu. Gari likashindwa na mawe huku chini. Kule juu kwenye ukungu hakufika. Alikaa kwenye kivuli cha gari lake akaniuliza, "Mbega wako wangapi?"

Sasa, sisi hatuhesabu kilicho hai. Mbuzi wangu nawajua kwa rangi na pembe. Akikosekana mmoja, jicho linaniambia. Mbega pia tuliwajua hivyo: kundi la dume mwenye mkia uliokatika, kundi la chemchemi, kundi la korongo la juu. Bibi yangu Akiru alinifunza kwamba kuhesabu ni kuita kifo. Nikanyamaza.

Esekon akacheka. "Kijana, kama huna namba, huna mbega." Akaandika sifuri. Sifuri naijua, hata darasa la tatu wanafunza. Niliiona, nikanyamaza bado.

Kwa karatasi hiyo Lopeyok alipata kibali cha kukata miti. Magogo yakashuka, mengine Lodwar, mengine Kakuma. Mbega wakaisha karibu wote, chemchemi nayo ikakauka.

Nilipomweleza bibi, hakupandisha sauti. "Nilikukataza kuhesabu. Nani alikukataza kusema?"

Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi nilificha mlima mzima.

Siku hizi naishi Nawoitorong, karibu na Lodwar, na kila kiangazi napanda mlimani. Kwenye korongo la juu mbega bado wako: kumi na mmoja, mmoja mtoto mweupe. Ndiyo, nimewahesabu. Kama kuna laana, inipate mimi.

Kwa hivyo mtu wa fomu akija, usimjibu akiwa kivulini. Mpandishe mpaka juu, aone kwa macho yake. Mungu wetu wa mvua akupe maji, mbuzi wenye maziwa, na mdomo usioogopa kalamu.

Na wewe Esekon, umestaafu, unakunywa chai mjini. Njoo barazani, mbele ya watu wa Loima, na Lopeyok akae kando yako. Tuambie: ile sifuri uliiona wapi?