Kijiko cha Mzee Vasili

Usiku ule nililala na hasira, na hasira ni mto mgumu. Chama kilitaka nigombee kiti cha Mzee Vasili katika bunge la jimbo, na katibu wao alikuwa amenipa mpaka asubuhi nimjibu. Vasili mwenyewe alikuwa amefariki tangu majira ya mavuno, nami nilikuwa bado sijui kama ninamlilia au ninamlaani.

Babu yake alitoka Ukraine akaja kulima ngano huku magharibi mwa Kanada, akachekwa kwa lafudhi yake na harufu ya vitunguu saumu. Mjukuu akawa wa kwanza kwao kuingia bungeni. Nilipofika kutoka Morogoro kuwa nesi katika hospitali ya mji huu mdogo, ndiye aliyenigongea mlango na mkate na chumvi, kama wanavyopokea wageni kwao. Kura zake alizipata kwa kula na bibi vizee kwenye ukumbi wa kanisa, akiwaapia kwamba hospitali ile, waliyoijenga wazee wao kwa mikono, haitaguswa. Kisha akapewa uwaziri wa afya. Wakubwa wa chama hicho hicho wakamwambia atie saini, akatia. Hospitali ikafungwa, nami nikageuka mtu wa kuhangaika na vibarua. Cheo ni dhamana, tunasema kwetu. Ya kwake aliiuza.

Na mchuma janga hula na wa kwao. Majira ya baridi yaliyofuata mama yake mzazi alipooza ghafla, akafia njiani ndani ya gari la wagonjwa, theluji imeziba barabara ya kwenda hospitali ya mbali. Mazikoni watu walimpa Vasili mkono bila kuvua glavu.

Jioni ile, kabla sijalala, ilikuwa ya mkesha wa Krismasi yao ya Januari. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba siku hiyo huandaliwa sahani moja ya ziada kwa ajili ya marehemu, na vijiko haviondolewi mezani mpaka kuche, ili nao wapate kula. Watoto wake wamehamia mji mkuu, na mila hizo wamezitupa. Nikamwekea Vasili mimi, ngano iliyochemshwa na asali, nikiwa nimenuna. Mume wangu akacheka.

"Mama Neema, sasa hata wafu umewafungulia mgahawa?"

Nikaenda kulala.

Nikajikuta jikoni kwangu, ila jiko lilikuwa limerefuka likawa ukumbi wa kanisa. Marehemu wa mji mzima wamekaa mezani wanakula, na vijiko vyao havitoi sauti. Namwona Vasili katika suti yake ya bungeni, anapita nyuma ya viti akitafuta pa kukaa. Kila kiti kina mtu. Mama yake anagawa ngano kwa upawa, anamfikia mwanawe, anampita, anamwekea wa mbele yake. Vasili anabaki amenyoosha mikono mitupu. Jamani, iliniuma, hata mimi niliyemlaani.

Nikamletea kijiko kutoka mezani kwangu. Anakipokea, ila hali chochote. Ukumbi sasa ni korido ya hospitali yetu, taa zimezimwa, vitanda havina magodoro, na tunatembea bega kwa bega kama zamani alipokuwa akija kuwasalimia wagonjwa. Anazungumza Kiswahili cha kwetu Morogoro, nami sishangai.

"Nilidhani wamenipa kiti," anasema. "Kumbe walinipa mlango, niufunge."

"Si ungekataa, mzee?"

"Nilitaka kubaki waziri."

Alisema hivyo tu, bila kujitetea, na ukweli huo mkavu ulinichoma kuliko uongo wake wote wa kwenye kampeni. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumfunga skafu, maana baridi imeingia na korido imekuwa barabara, theluji inaanguka, na mbele yetu limesimama gari la wagonjwa. Vasili anagonga mlango wa nyuma kwa kile kijiko. Ndani kuna mtu anakohoa. Hakuna anayemfungulia.

Anageuka kunitazama, nyusi zake zimejaa theluji.

"Na wewe wamekuwekea mlango wako, binti yangu. Waulize ni upi kabla hujakaa."

Nikaita jina lake, na sauti yangu ndiyo iliyoniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Mezani ngano ilikuwa imekauka juu, kijiko kiko pale pale nilipokiacha. Neema alikuwa anavaa buti za kwenda shuleni, huku akiimba, na babake anamtafutia kofia. Simu ikaita. Alikuwa katibu wa chama, mchangamfu, sauti ya mtu aliyekwisha kunywa kahawa.

"Habari za asubuhi, mheshimiwa mtarajiwa! Tuseme umekubali?"

"Kabla sijakujibu," nikamwambia, "nikishaingia bungeni, ni mlango gani mnataka niufunge?"

Uchangamfu wote ukamtoka.

"Nani amekuambia habari za shule?"

Nikamtazama mwanangu akifunga kamba za buti. Nikakata simu, na kijiko cha Vasili sikukiondoa mezani siku ile.