Udi wa Mtungini

Juzi, nje ya gereji hapa Chake, mjukuu wangu alichutama kwenye dimbwi akishangaa rangi zilizocheza juu ya maji. Nikamvuta mkono kwa nguvu hata akalia.

Rangi zile nilizikuta utotoni kisimani kwetu, chini ya kambi ya askari walikokuwa wakimwaga mafuta machafu na dawa za kusafishia magari. Mimi niliziona pambo. Mama alizipangua kwa kata, akanusa, kisha akayateka maji. Kisima kingine kilikuwa cha chumvi.

Mchana ule aliuinamisha mtungi juu ya chetezo, akaufukiza udi kama ada yetu, lakini safari hii hakuacha mpaka machozi yakamtoka. Mdogo wangu Hamadi alikuwa akilia kiu.

"Maji bado yanuka, Mama," nikasema.

"Ngoja, mwanangu. Udi utayashinda."

Yalipotiwa mtungini yakanukia kama nyumba ya harusi. Nikaamini yamepona. Hamadi akanywa kata nzima, akaomba tena.

Leo najua moshi uliondoa harufu tu. Tuliendelea kuyanywa. Kiangazi hakijesha, Mama alikiwasha kipande cha udi kilichobaki, akafukizia sanda ya Hamadi.